Python Haiharibu Akili ya Mwanafunzi

Mwaka 1975 mwanasayansi wa kompyuta Mholanzi, Edsger Dijkstra, aliandika kwamba aliyeanza na lugha ya BASIC karibu hafundishiki tena kuandika programu nzuri. Leo hoja hiyo imevaa nguo mpya: chuo kinachoanza na lugha ya Python, eti, kinalea uvivu; wanafunzi waanze na lugha ya C.

Hiyo ni hoja ya watu wenye muda.

Mwaka huohuo wa 1975 Tanzania ilianzisha vyuo vya maendeleo ya wananchi, kwa mfano wa Sweden, ili mtu mzima ajifunze cha kumfaa pale anapoishi. Mtwara mtu huyo anaishi katikati ya takwimu. Tangu 2007 korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, wenye orodha za kila kitu: kilo za kila mkulima, daraja, makato, bei ya mnada. Mistari michache ya Python husoma orodha ya mizani, hukokotoa malipo na kufichua jina lililoandikwa mara mbili. Kijana anayeweza kumwonyesha mjomba wake kilo 40 zilizopotea kwenye orodha ameshajua kitanzi, sharti na uhakiki wa data. Uvivu uko wapi hapo?

Kweli, Python huficha kumbukumbu ya mashine na huenda polepole kuliko C. Anayetaka kuunda mfumo endeshi ataifuata C baadaye. Lakini Python, iliyotolewa 1991 na Mholanzi mwingine, Guido van Rossum, imeingia hata kwenye kozi za mwanzo za chuo kikuu cha MIT, Marekani. Binti wa Msimbati, huko Mtwara, asifungiwe mlango huohuo.