NYOMI SI USHINDI: FUNGU LA USALAMA LIWE LA KWANZA

*TAARIFA YA KATIBU WA TAWI, KWIHARA*
*Kwa: mabalozi wa mashina, viongozi wa jumuiya na wanachama wote*



Rasimu ya bajeti ya hafla yetu ya kukabidhi kadi kwa wanachama wapya imezunguka kwenye simu zenu, na maneno nayo yamezunguka. Wapo wanaosema Katibu anachelewesha shughuli. Wapo wanaosema Katibu anaogopa nyomi. Na wapo wanaosema Katibu anatafuta fungu la kula. Nawajibu wote hapa, kwa maandishi, ili kila shina lisome kitu kimoja.

*1. RASIMU INASEMA NINI*

Jumla ni shilingi 1,850,000. Muziki, spika na MC 600,000. Chakula 600,000. Fulana na kofia 500,000. Mafuta ya malori ya kubebea watu 150,000. Jumlisheni, inafunga.

Sasa tafuteni humo fungu la maji ya kunywa. La huduma ya kwanza. La vijana wa kusimama milangoni. La mtungi wa kuzimia moto. Hamtaona hata shilingi moja.

Nilipouliza kikaoni nilijibiwa, "Hilo tumuachie Mungu." Ndugu zangu, mbona spika hatukumuachia Mungu? Mbona pilau hatukumuachia Mungu? Tunachokithamini tumekiandikia fedha, na tusichokithamini tumekiombea dua. Kitu kisicho na fungu, na kisicho na jina la mtu wa kukisimamia, siku ya shughuli hakitakuwepo, hata tukitaje mara ngapi kwenye hotuba.

*2. TABORA TUNAJUA GHARAMA YAKE*

Hili si jambo la kusimuliwa kutoka Ulaya. Oktoba 2008, siku ya Idd el Fitr, hapa hapa Tabora mjini, watoto wapatao 20 walikufa ndani ya ukumbi wa disko uliojazwa kupita kiasi. Walikwenda kula sikukuu. Wazazi waliowavalisha nguo mpya asubuhi walikwenda kutambua miili.

Februari 1, 2020, Moshi, watu 20 walikufa kwenye mkutano wa maombi uwanjani, wakati umati ulipokimbilia sehemu moja kwa wakati mmoja ili kukanyaga mafuta ya upako. Machi 21, 2021, Dar es Salaam, Uwanja wa Uhuru, wakati wa kumuaga Rais Magufuli, walikufa watu 45 kwa taarifa ya Polisi. Walikwenda kuaga msiba, na wao wakawa msiba.

Sikukuu, ibada, maombolezo. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekwenda kufanya fujo. Kwa hiyo anayesema "watu wetu ni wastaarabu, halitatokea" hajajibu kitu. Ustaarabu hauongezi upana wa mlango.

*3. HESABU YA UKUMBI*

Ukumbi uliopendekezwa una mita 10 kwa 18, yaani mita za mraba 180. Ondoeni jukwaa, spika na meza za chakula, tunabaki na kama 150. Kamati inataka kuingiza watu 600. Hiyo ni watu wanne kila mita moja ya mraba, na hapo nimewagawa sawasawa kama mifuko ya mahindi. Watu hawakai hivyo. MC akisema "sogeeni mbele," mbele watafika sita au saba, nyuma patabaki wazi.

Wakifika idadi hiyo mtu haendi tena anakotaka, anakwenda anakosukumwa. Wengi wanaokufa kwenye mkanyagano hawafi kwa kukanyagwa. Wanakufa wamesimama, kifua kimebanwa, pumzi haiingii. Na wa nyuma hajui, anaendelea kusukuma.

Njooni kwenye mlango. Mlango wa upana wa mita moja hupitisha watu kama 80 kwa dakika, wakitoka kwa utulivu. Watu 600 ni dakika saba na nusu. Jenereta likishika moto, nani atakuwa na utulivu wa dakika saba na nusu? Na pendekezo lililopo ni kwamba mlango wa nyuma ufungwe kwa kufuli, eti kuzuia wasioalikwa wasile pilau. Tunalinda sahani kwa kufuli na watu tunawaacha hivi hivi.

*4. FULANA ZA KURUSHA*

Wapo wanaotaka fulana zirushwe kutoka juu ya lori, "kuamsha hamasa." Someni tena habari ya Moshi hapo juu. Kitu kichache, watu wengi, sehemu moja, dakika moja. Fulana ya shilingi elfu tano itamvunja bibi mguu, na sisi tutampeleka Kitete kwa bodaboda kwa sababu hatukupanga gari.

Na hayo malori. Lori la mizigo si gari la abiria. Tukimpakia mwanachama kama gunia halafu jukwaani tumwite "mwenye Chama," atajua tunamdanganya.

*5. "WAPINZANI WATATUCHEKA"*

Hii ndiyo hoja yenyewe, nyingine ni mapambo. Katazo la mikutano ya hadhara la mwaka 2016 liliondolewa Januari 2023. Tangu hapo vyama vilirudi viwanjani na shindano limekuwa la picha: nani kajaza zaidi. Wenzetu wanaona tukiingiza watu 300 tutaonekana tumepungukiwa.

Naheshimu hoja hiyo, maana siasa bila watu ni barua tu. Lakini picha ya nyomi inakaa kwenye simu siku mbili. Jeneza moja la mwanachama aliyekufa kwenye hafla yetu litakaa Kwihara miaka ishirini. Hakuna mpinzani atakayehitaji kutucheka. Mama wa marehemu atapita njiani kimya, inatosha.

Na tuwe wakweli: nani anayefaidika na nyomi? Mwanachama mpya anataka kadi yake, aitwe jina lake, apewe mkono. Nyomi anaitaka anayetafuta jina kwa wakubwa wa wilaya.

*6. KWIHARA HATUKUANZA LEO*

Sisi ni watu wa njia ya misafara. Tembe lililobaki hapa kwetu linaonyeshwa kwa wageni kwa sababu Stanley na Livingstone walikaa humo. Huyo Stanley, alipotoka Bagamoyo mwaka 1871, hakuondoka na watu wote kwa mkupuo. Aliwagawa makundi matano, yakaondoka kwa zamu. Na Livingstone mwaka 1872 alikaa hapa Kwihara miezi mitano akisubiri wapagazi wa kutosha ndipo aondoke. Kilichowafikisha huku ni ujuzi wa wapagazi wenyewe, Wanyamwezi wakiwemo: msafara una kirangozi wake mbele, mzigo una mwenyewe, na safari isiyo tayari haiondoki. Wajukuu wa watu hao ndio leo tunaambiwa kupanga ni woga?

*7. NINACHOPENDEKEZA*

a) Fulana na kofia zipunguzwe hadi 200,000. Hiyo 300,000 inayobaki iwe fungu la usalama: maji 80,000, huduma ya kwanza 70,000, kukodi mitungi ya kuzimia moto 60,000, posho ya vijana 10 wa milangoni, 5,000 kila mmoja, 50,000, kamba, filimbi na tochi 40,000. Jumla ya bajeti haiongezeki hata senti.

b) Watu 600 wasiingie kwa pamoja. Mashina yagawanywe makundi mawili ya 300, la asubuhi na la mchana. Kila balozi aje na orodha yake, aingie na watu wake na atoke nao akiwahesabu.

c) Milango yote ibaki bila kufuli muda wote, na kila mlango uwe na mtu anayejulikana kwa jina.

d) Fulana zigawiwe kwa orodha, shina kwa shina. Hakuna kurusha.

e) Malori yafutwe. Ile 150,000 iwe nauli ya wazee na ya wenye ulemavu.

f) Taarifa ya maandishi ifike Polisi mapema. Sheria inataka isipungue saa 48 kabla ya mkutano wa hadhara. Sisi tupeleke wiki nzima kabla. Namba 112 ya Polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji zibandikwe ukutani. Gari moja liegeshwe likiangalia barabara, dereva asinywe.

g) Mtu mmoja, siyo kamati, apewe mamlaka ya kusema "simamisha muziki, hakuna kuingia tena." Akisema, hata Mwenyekiti anatii.

Kwa wanaosema natafuta fungu la kula: fedha hizo sitazishika mimi. Atazishika mhusika wa uchumi na fedha wa tawi, na risiti zote zitapigwa picha na kuwekwa humu ndani ya siku saba. Naomba fungu la muziki na la chakula nayo yafanyiwe hivyo hivyo. Tuone nani atakataa.

Halmashauri Kuu ya Tawi inakaa Jumapili saa nne asubuhi. Mabalozi, kaeni na mashina yenu kabla ya hapo, mje na msimamo wa wanachama na siyo wa kwenu. Rasimu ikipita kama ilivyo, bila fungu la usalama, sitaitia saini, na nitaomba sababu ziandikwe kwenye muhtasari, pamoja na majina ya waliosema tumuachie Mungu.

Msomee asiye na simu.

*Imetolewa na Katibu wa Tawi*
*Kwihara, Tabora*