Michango ya sendofu tunatoa, roketi eti anasa!

Tesiti zimeisha, bumu nalo limeisha (lilitangulia hilo), kwa hiyo leo nina muda wa kugombana na watu. Nagombana na sentensi moja tu, ambayo wiki hii nimeisikia kantini, nikaisikia kwenye kifodi cha Tengeru, na juzi nikaisikia kwa baba mdogo kwenye simu: "Roketi? Hayo mambo ya wazungu, sisi bado tuna shida."

Chanzo ni hiki. Tuko washkaji kadhaa hapa chuo, tuliomba kiwanja cha mpira kwa Jumamosi moja tu. Turushe roketi za maji, watu waje na wadogo zao, na wafanyakazi waje na watoto. Ofisi moja, siitaji, ikatujibu kwa mdomo kwamba roketi ni suala la usalama. Roketi ya maji, jamani! Chupa ya plastiki ya soda, maji theluthi moja, pampu ya baiskeli, basi. Newton ndiye mhusika mkuu, na huyo alishakufa.

Sasa niwaambie wazo tulilitoa wapi. Marekani kuna watu wa kawaida kabisa, fundi magari, mwalimu, nesi, ambao wikendi wanapakia watoto na mahema kwenye gari wanaenda jangwani au kwenye mashamba yaliyokwisha vunwa kurusha roketi. Sio fataki hizo. Ni mabomba marefu ya karatasi ngumu au faibaglasi, mengine yanampita urefu baba mwenyewe. Chama chao kimoja, National Association of Rocketry, kipo tangu 1957. Injini zimepangwa kwa herufi, A, B, C na kuendelea, kila herufi inafika mara mbili ya nguvu ya ile iliyoitangulia. Ukifika H umeshaingia kwenye roketi kubwa, hapo bila cheti hurushi. Ikifika juu inatema parachuti, inashuka taratibu, halafu familia inaenda kuiokota na kusoma kifaa kidogo cha ndani kinachojua ilipanda mita ngapi kwa kupima mgandamizo wa hewa. Mtoto wa darasa la nne anakueleza namba ile imepatikanaje. Mi fomula ya mgandamizo nilifundishwa kidato cha pili, nikapata A, na mpaka leo sijawahi kuiona ikipima kitu.

Na angalieni hiyo ni wikendi ya nani. Ni ya nyumba nzima. Mama anashona parachuti, baba anagandisha mapezi, mtoto anahesabu kumi mpaka sifuri. Wikendi ya kwetu A-Town mnaijua: asubuhi kanisani, mchana mshua yuko na wenzake kwenye mbuzi choma, bimkubwa jikoni, watoto wamewekewa tamthilia. Nanenane tu ndiyo siku ambayo familia nzima inavaa, inapanda gari kwenda viwanja vya Themi kushangaa ng'ombe wa maziwa, na hakuna anayesema ng'ombe wa maziwa ni mambo ya wazungu.

Wanaosema ni hatari, wasome sheria za mchezo wenyewe kwanza. Roketi ya daraja H, watu wanakaa angalau mita 30 kutoka ilipo. Daraja M ni kama mita 150. Kuna mtu mmoja anayekagua kila roketi, na akisema hairuki hairuki, hata kama umeendesha gari usiku kucha. Injini ya kujipikia nyumbani chama kile hakiruhusu, unanunua iliyothibitishwa. Anga nayo inaombewa ruhusa kwa mamlaka ya usafiri wa anga. Sasa twende Mererani hapo. Miaka na miaka baruti inapasua miamba kutafuta tanzanite, watu wakiingia na kutoka mashimoni, na serikali ina vibali vyake na leseni zake za ulipuaji. Nchi inayoweza kusimamia baruti ya Mererani ishindwe na chupa ya soda?

Hata hivyo sio kila mahali panafaa, hilo nakubali bila kusukumwa. Miteremko ya Meru ni hifadhi, sitaki mtu aniambie nimemtia presha twiga. Kisongo kuna uwanja wa ndege. Kwa roketi kubwa mi naona tambarare za Oldonyo Sambu, barabara ya Namanga, lakini kule kuna ng'ombe wa watu na nyasi za kiangazi zinazoshika moto kwa cheche moja. Wazee wa pale ndio wa kuombwa kwanza, kabla ya barua yoyote ya mjini. Kwa ya maji, kiwanja cha chuo kinatosha na chenji inabaki.

Haya, tuje kwa wazungu. Ngomeni, karibu na Malindi hapo Kenya, Waitaliano walisimika jukwaa baharini wakaliita San Marco. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti 9 zilipanda kutoka pale kwa roketi za Kimarekani za Scout. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikapanda setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei kutoka angani, wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ikaorodhesha vyanzo 339, ikasaidia kuonyesha kwamba kitu kinachoitwa Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi. Kwa nini wahangaike kuja mpaka Malindi? Kwa sababu ukiwa karibu na ikweta, dunia inavyozunguka inakupa msukumo wa bure. Malindi ipo nyuzi 3 na kidogo kusini. Arusha je? Nyuzi 3 na kidogo kusini!

Ila uchungu wangu uko hapo hapo. Jina la kwetu, bahari ya kwetu, roketi yao. Na ukikaa kwenye kifodi ukatamka "mambo ya wazungu", unausaini ule mgawanyo upya, tena bila kulipwa.

Wapo waliokataa kusaini. Kongo kuna mhandisi anaitwa Jean-Patrice Keka, amerusha roketi zake mwenyewe, zinaitwa Troposphere. Moja ilipanda na panya ndani, ikaanguka, watu wakacheka sana. Wacha wacheke, wao wamerusha nini? Na karibu zaidi, pale Juja, wanafunzi wa JKUAT wana mradi wao unaitwa Nakuja. Wanajenga roketi ndogo, wanatengeneza ubongo wake wa kielektroniki na parachuti, na injini yake ni nitreti ya potasiamu na sorbitoli, ndugu yake sukari. (Msijaribu hayo hosteli tafadhali! Wao wana maabara na wasimamizi, nyie mna jiko la umeme mnaloficha kwa matroni.) Hawa sio NASA. Ni wanafunzi, wanalia na supu kama sisi, na kutoka hapa ukipanda basi la Namanga asubuhi unalala kwao.

Baba mdogo akaniambia shida kwanza. Nakubali shida zipo, nyingine tunazo mdomoni. Tuangalie meno ya kahawia ya watu wa Meru, sababu ni floraidi kwenye maji yanayopita miamba ya volkano ya mlima huu huu. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nani ataipima kijijini na kuichuja, aliyekariri desa au aliyeshika kifaa tangu ana miaka tisa akakiona kinasema kweli?

Na hela, wadau, tusidanganyane. Kadi ya sendofu ikigonga mlango, laki inatoka. Inafuata harusi, inafuata ubarikio wa mtoto wa jirani, na huko kote sijasikia mtu akiuliza "itatusaidia nini". Chupa tunaokota bure nyuma ya kantini! Sasa anasa ni ipi hapo?

Tunachodai ni karatasi. Kama jibu ni hapana, liandikwe hapana, chini yake sababu, chini yake jina na sahihi, tujue tunajibizana na nani. Barua ya pili tumeshaiandika: umbali wa kukaa watu, chupa za plastiki tu, nani anakagua, nani ana sanduku la huduma ya kwanza. Nakala ipo kwa CR wa mwaka wa pili, anayetaka kusaini apite kabla ya Ijumaa. Na fundi cherehani mmoja wa Kilombero kakubali kutushonea parachuti kwa buku mbili moja, ila kitambaa uje nacho. Miavuli iliyovunjika inafaa.