Eti Makaroni Si Chakula cha Mume?

Najua nimepotea. Majukumu ya chumba cha habari yalinibana, na wachache mlioniandikia kuuliza kama bado nipo hai nawashukuru, nipo. Nilipanga kurudi na ile makala ya nauli niliyowaahidi lakini itasubiri. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi, na nisipolitema litanikaba.

Jumamosi tuliitwa kikao cha familia. Kaka yangu (mtoto wa baba mkubwa, kwetu huyo ni kaka, hakuna cha binamu) ana mgogoro na mkewe. Tukajazana sebuleni, watu tisa, feni linazunguka bila kutoa upepo. Nilidhani nitasikia mambo mazito: fumanizi, deni, kipigo. Shangazi akafungua daftari, ndiyo, daftari, akasoma shtaka la kwanza: "Huyu mwanamke hapiki. Anawachemshia watoto makaroni."

Nikacheka nikidhani ni utani. Nikaangaliwa. Nikanyamaza.

Kaka akaongezea ushahidi. "Nikirudi nakuta sufuria moja. Moja! Nyama humo humo, nyanya humo humo, makaroni humo humo. Hicho ni chakula cha mume?" Wazee wakatikisa vichwa kana kwamba wametajiwa uchawi. Shemeji alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mikono mapajani. Alipoulizwa alisema sentensi mbili tu: "Nafika nyumbani saa 2 kasoro, baba. Watoto wanalala saa 3." Basi. Baba mkubwa akamwambia ajirekebishe.

Na mimi, mwandishi wa habari, mdomo mrefu hivi huku kwenye kompyuta, pale sikusema neno. Niliamkia, nikanywa soda, nikaaga. Kwa hiyo leo yasomeni yale niliyotakiwa kuyasema pale.

Tuanze na hili la "si chakula chetu". Jamani, chakula chetu ni kipi? Ugali wa mahindi? Mahindi asili yake ni Mexico. Yamefika Afrika baada ya Wareno na Wahispania kuanza safari za Amerika, karne ya 16. Muhogo nao ni wa Amerika ya Kusini. Mababu waliokuwapo kabla ya hapo walisonga mtama, uwele na ulezi, na kama wangeuona ugali wa sembe mweupe kama chaki wangeuliza huu ni ugonjwa gani. Chapati tumezipata kwa Wahindi, na leo mwambie mtu Jumapili bila chapati uone. Chakula kinakuwa chetu tukikila. Hakuna kikao kinachopitisha.

Halafu tambi si ngeni hata kidogo. Nenda Zanzibar, Tanga au Mombasa siku ya Idd. Bibi anakaanga tambi kwenye samli mpaka zibadilike rangi, anatia sukari, iliki, zabibu kavu, maji kidogo au tui, anafunika, anaacha zikauke. Angalieni hapo: sufuria moja, maji ya kiasi, hakuna kumwaga wala kuchuja. Ndicho hicho hicho anachofanya shemeji, tofauti yeye anatia nyama badala ya sukari.

Na pilau je? Nyama humo humo, viungo humo humo, wali humo humo. Sufuria moja! Mbona hamjawahi kumwita mpishi wa pilau mvivu? Pilau linapikwa harusini, mnapanga foleni na sahani mkononi, mkirudi mnasifia. Kumbe kosa haliko kwenye sufuria moja. Kosa ni kwamba pilau linachukua muda, na mtu anaonekana ametaabika. Mnachokitaka ni jasho la mtu, chakula ni kisingizio.

Mfano mwingine ni majirani zetu Wasomali. Waitaliano walitawala kusini mwa Somalia mpaka 1941, wakarudi tena kama wadhamini kuanzia 1950 hadi uhuru wa 1960. Wakaondoka, wakaacha baasto. Leo ukiingia mgahawa wa Kisomali Eastleigh, Nairobi, unaletewa baasto na suugo, mchuzi wa nyanya na nyama wenye viungo vya kwao, na ndizi mbivu pembeni. Wanaume wazima wenye ndevu nyekundu za hina wanakula. Mwambie mmoja wao kuwa hicho si chakula cha mume, mimi niko mbali.

Sasa tuje kwenye uvivu, maana hilo ndilo lililoniuma. Pigeni hesabu na mimi. Mtu anatoka kazini mjini saa 11, anasukumana kituoni, anasimama kwenye gari mpaka magoti yanalia, anafika kwake saa 2 kasoro. Ana jiko la gesi la plati moja juu ya mtungi wa kilo 6. Plati moja maana yake vitu vinapikwa kwa zamu. Ugali wenyewe hauna tatizo, dakika 15 umeiva, nakubali. Tatizo ni mboga. Maharage makavu hata ukiyaloweka asubuhi yanataka saa nzima na zaidi. Nyama ya mifupa ni hivyo hivyo, uichemshe kwanza, uiunge, ndipo usonge. Watoto watakula saa 4, au watalala na njaa wakiwa wamekunja uniform zao chini ya kichwa.

Hapa kuna kitu viongozi wetu nao hawakisemi vizuri. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mimi naunga mkono, nimeona macho ya mama yangu yalivyofanywa na moshi. Lakini huwezi kumpa mama mtungi kisha umdai maharage ya saa mbili kila jioni. Gesi inaisha tarehe 15, anarudi kwenye mkaa. Anayetaka gesi ikae ndani ya nyumba lazima akubali na mapishi ya nusu saa.

Na naomba tusidanganyane kuhusu hao "wake wa zamani waliokuwa wanapika". Pale pale kwa baba mkubwa, wakati kikao kinaendelea, kuna binti wa kazi alikuwa uani anachambua mchele. Umri wake sikuuliza, na ninajilaumu kwa hilo pia. Chakula kirefu cha nyumba ile kinapikwa na yeye. Kwa nini jina lake halipo kwenye daftari la shangazi? Shemeji hana binti wa kazi. Amekataa kumtoa mtoto wa mtu kijijini ili kaka ale mboga mbili.

Kuhusu kaka mwenyewe, samahani kaka najua utasoma. Wewe unatoka kazini saa 10. Saa 12 jioni uko kibandani unakula chipsi mayai. Kikaango kimoja, viazi humo humo, mayai humo humo, dakika kumi! Na hujawahi kumuuliza yule kijana ugali uko wapi.

Nimeona niandike na mapishi yenyewe, ili mjue tunabishana kuhusu nini. Nimeyapika Jumatatu baada ya kufunga ukurasa, saa 3 usiku, kwa macho yanayofumba. Watu watano wanashiba.

Nunua nusu kilo ya nyama ya ng'ombe, imwambie bucha aisage mbele yako. Watu wa pwani wanaita kima, na usicheke, si yule wa mtini. Nasisitiza mbele yako kwa sababu nyama ikisagwa, vijidudu vilivyokuwa juu vinaingia mpaka ndani, kwa hiyo haifai kuliwa mbichimbichi kama kipande. Iive yote, pasibaki pinki. Wataalamu wanataja nyuzi 71 za joto, wewe angalia rangi na usiwe na haraka hapo.

Weka sufuria pana yenye mfuniko motoni, ipate moto kweli, mafuta kijiko kimoja. Tandaza nyama, kisha iache! Tatizo letu tunakoroga toka sekunde ya kwanza, nyama inatoa maji, inachemka badala ya kukaangika, inakuwa kijivu kama udongo. Iache dakika tatu nne ishike kahawia chini, ndipo uivunje kwa mwiko. Tia vitunguu viwili vilivyokatwa, karoti moja ya kukwaruza, hoho. Vikilainika tia kitunguu saumu, tangawizi, binzari nyembamba kijiko cha chai, chumvi. Nyanya nne au tano na kijiko kimoja cha nyanya ya kopo. Zirojeke.

Sasa makaroni makavu, gramu 400, moja kwa moja humo humo. Mwaga maji ya moto vikombe vinne mpaka vinne na nusu, yafunike makaroni kwa shida. Yakichemka punguza moto, funika, dakika 10 hadi 12. Fungua mara mbili tatu ukoroge mpaka chini, hasa kama sufuria yako ni zile nyepesi za alumini, zinashika haraka. Yakibaki maji kidogo tupia mchicha uliokatwa, zima, funika dakika tano bila kuchungulia. Ndimu juu. Ukianza saa 2 kasoro dakika tano, saa 2 na nusu mnakula, na chombo cha kuosha ni kimoja.

Ukisoma pakiti tafuta ile ya ngano ngumu, imeandikwa durum. Italia wana sheria toka 1967 kwamba tambi kavu zitengenezwe kwa ngano hiyo, na si maringo tu. Zile za ngano laini kwenye sufuria moja zinageuka uji, halafu watu wanalaumu mapishi.

Najua pia kuna wasomaji wangu wa upande wa pili, waliokaa ughaibuni miaka miwili wakarudi na msimamo kwamba makaroni lazima yaogelee kwenye lita tano za maji yenye chumvi, yachujwe, mchuzi upikwe kando. Nanyi punguzeni. Harold McGee, mwandishi wa sayansi ya mapishi, alijaribu hilo na kuandika kwenye New York Times mwaka 2009: tambi zinaiva vizuri kwenye maji machache, na maji yanayobaki yana wanga unaofanya mchuzi uwe mzito. Ndio huo wanga mnaoumwaga kwenye sinki, kisha mnatafuta mchuzi uliokolea.

Lishe? Hapo nawasikiliza. Makaroni meupe hayana makapi ya kutosha, na kula nyama ya ng'ombe kila siku si ushauri ninaoutoa. Mara moja, mara mbili kwa wiki, na mboga za majani humo ndani. Ila anayeniambia hivyo huku amekula sembe iliyokobolewa mpaka kiini kimeondoka, bila mboga ya maana, akae chini kwanza.

Jumapili nilimpigia shemeji nikamwomba radhi kwa kunyamaza. Akasema haina shida, shemeji, mimi nimezoea. Hilo "nimezoea" ndilo lililonifanya nifungue kompyuta. Nikampigia na kaka pia, tukagombana dakika arobaini na salio likaisha. Jana jioni akanitumia ujumbe mfupi. Hakuna samahani, hakuna salamu, kaandika tu: maji vikombe vingapi?

Vinne na nusu, kaka. Yawe ya moto.