Fungu la Mwamba

Mimi ni mtoto wa mvuvi, na hesabu ya kugawanya sikuipata skuli, niliipata ufukweni chombo kiliporudi. Samaki wakishauzwa, fedha zilitengwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la nahodha, kisha kila baharia na lake. Hata mtoto aliyekuwa akifua maji alikuwa na haki yake, na aliyemdhulumu alijulikana kijiji kizima kabla ya magharibi. Huo ndio ubia ninaoufahamu.

Kwa hiyo ninapousikia huu ubia mpya wa kuhifadhi bahari, baina ya serikali na mashirika binafsi, hutaka kwanza kujua mafungu yake. Miaka kadhaa nyuma nilihudhuria mkutano kijijini kwetu. Mgeni alikuja na ramani nzuri, akatueleza kwamba sehemu ya mwamba itafungwa, hoteli itajengwa mbele yake, serikali itapata kodi, na mwekezaji atalipia doria. Sisi tukaambiwa ni "wadau". Ami yangu mmoja, aliyetega madema pale tangu ujana wake, akauliza, "Na fungu langu mimi lipi?" Akajibiwa kwamba atapewa elimu ya mazingira. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Mkataba wenyewe, tulisikia, uliandikwa kwa Kiingereza. Hatukuuona.

Sisemi kwamba mwamba usifungwe, la hasha. Pweza hukua upesi. Eneo likipumzishwa miezi michache, kina mama wakishuka tena pwani wakati wa bamvua hurudi na pweza wakubwa. Wala sisi wavuvi si malaika. Baruti zilizopasua miamba ya pwani ya Bara, na juya linalokokotwa mpaka likang'oa majani ya bahari, si kazi ya watalii. Anayetaka bahari iachwe holela kwa kuwa ni ya maskini, anamwachia maskini maji matupu.

Na ubia wa kuheshimiwa upo. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba wa magharibi ya kisiwa cha Chumbe kuwa hifadhi, ikaukabidhi kwa kampuni binafsi isiyogawana faida. Nyumba za wageni ni 7 tu. Fedha zao hulipa walinzi wasiobeba bunduki, ambao wa mwanzo walitoka miongoni mwa wavuvi wenyewe, na husaidia kuwapeleka watoto wa skuli kuyaona matumbawe ambayo wengi wao wameishi jirani nayo bila kuyatazama. Nawapa heko. Lakini Chumbe hakukuwa na kijiji. Palikuwa na mnara wa taa uliojengwa 1904, na msitu. Utainakilije kazi ile mbele ya kijiji ambacho kitoweo chake cha jioni kimo ndani ya mwamba huo huo?

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Mwekezaji huleta fedha, serikali huleta muhuri, na vyote viwili vinaandikwa. Mvuvi huleta mwamba, na hauandikwi popote. Tena mchango wake ndio unaolipwa siku ya kwanza: faida ya hoteli inaweza kungoja mwaka ujao, njaa haingoji. Na mwaka 2020, ndege ziliposimama kwa ajili ya korona, hifadhi zilizokuwa zikila kwa mkono wa mtalii zilitikisika. Watu wa kijiji hawakuwa na ndege ya kurudia kwao. Walikuwa kwao.

Basi mwamba uhesabiwe kuwa mtaji. Fungu la kijiji katika kila kiingilio liandikwe, kwa Kiswahili, na daftari la mapato lisomwe barazani kama tulivyokuwa tukihesabiana samaki mchangani. Mwekezaji asiyeweza hilo anatafuta ufukwe, hatafuti wabia.

Ami ameshafariki. Nasikia wanakuja tena mwezi ujao, na ramani mpya. Nitakaa mbele, na nitauliza swali lake.