Dola 250 za Beni

Mwezi Machi 2020, mahakama mjini Kinshasa ilimhukumu Oly Ilunga, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Kongo, kifungo cha miaka mitano kwa kufuja zaidi ya dola 400,000 za kupambana na Ebola. Mwizi ni mwizi, hata akiwa daktari.

Sasa na niulize: watumishi wa mashirika ya kimataifa waliokuwa katika vita hiyohiyo, wakawatoza wanawake wa miji ya Beni na Butembo, Kivu Kaskazini, miili yao ili wawape kibarua, wako jela gani?

Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Ilipokwisha, Juni 2020, ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Fedha za wafadhili zilimiminika kwa mamia ya mamilioni ya dola, na wenyeji wakaziona zikipita mbele ya macho yao: magari yaliyokodiwa kwa bei za kutisha, askari waliolipwa kusindikiza misafara. Wakaiita biashara ya Ebola. Katika biashara hiyo hata ajira ya kufagia ilikuwa na bei. Wanawake waliofuata kazi ya usafi, ya kupika au ya kuelimisha jamii walisimulia jinsi walivyotakiwa kwanza walale na mwenye kutoa kazi. Kuna waliokataa wakakosa mkataba. Kuna waliopata mimba wakashinikizwa kuzitoa.

Waliofichua uoza huo ni waandishi wa habari, Septemba 2020, wala si wakaguzi wa Geneva. Ndipo Shirika la Afya Duniani, WHO, likaunda tume huru chini ya Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge wa Kongo. Ripoti yake ya Septemba 2021 ilihesabu watuhumiwa 83, wageni na Wakongo, na 21 kati yao walikuwa waajiriwa wa WHO. Tuhuma tisa zilikuwa za ubakaji. Mkurugenzi Mkuu, Tedros, aliomba radhi.

Baada ya radhi zikaja hela. Shirika la habari la AP liliripoti Novemba 2023 kwamba wanawake wasiopungua 104 walipewa dola 250 kila mmoja, tena kwa sharti la kuhudhuria mafunzo ya shughuli za kujipatia kipato. Wakati huo, posho ya siku moja ya ofisa wa Umoja wa Mataifa akiwa Kinshasa iliweza kukaribia kiasi hicho au hata kukizidi. Mwanamke amedhulumiwa utu wake, analea mtoto asiye na baba, halafu anaketishwa darasani kufundishwa biashara ndogondogo ili astahili fidia! Huu ni ukatili wa pili, na umepigwa muhuri wa ofisi.

Kinachowapa watuhumiwa kiburi ni kinga. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1947 unawakinga watumishi wa mashirika haya wasishtakiwe kwa matendo wanayoyafanya katika kazi yao rasmi. Kubaka si kazi rasmi ya mtu yeyote. Mkataba huohuo unalipa shirika haki, na wajibu, wa kuiondoa kinga inapozuia haki kutendeka. Lakini anayeamua iondolewe au ibaki ni shirika lenyewe: kesi ya nyani, hakimu ngedere. Wahaiti wanalijua hilo vizuri. Kipindupindu kilichotoka kwenye kambi ya walinda amani mwaka 2010 kiliua karibu watu 10,000, na walipokwenda mahakamani Marekani, kinga ya Umoja wa Mataifa ikawafungia mlango.

Nimesikia wanaosema tukipiga kelele wafadhili watakasirika, na wagonjwa watakosa dawa. Hoja hiyo inamfanya mgonjwa mateka wa mkosaji. Wauguzi na madereva waliokufa wakipambana na Ebola kwa uaminifu ndio wanaochafuliwa na ukimya huu kuliko mtu mwingine yeyote.

Wabunge wa Kinshasa, Nairobi, Dodoma na Kampala, mashirika haya hufanya kazi kwenye ardhi yetu kwa makubaliano na serikali zetu. Yafungueni upya makubaliano hayo. Andikeni kwamba mtumishi anayetuhumiwa kubaka au kuiba atakabidhiwa kwa mahakama, na kwamba shirika litakalomficha au kumsafirisha usiku litafunga ofisi zake. Waziri alifungwa. Na hawa wafikishwe kizimbani.