Bundi Wawili wa Bustani ya Mji: Wito kwa Watu wa Kamina

Enyi ndugu zangu wa Kamina, mnaokaa karibu na stesheni ya reli na mnaokaa mbali nayo, nawaandikia kwa ajili ya viumbe wawili wasio na wa kuwasemea: bundi dume na jike waliofanya maskani yao katika tundu la mwembe mkongwe wa bustani ya mji, ambao habari zao zimezusha fadhaa, hata wako vijana wanaokwenda pale na manati, na wako watu wazima wanaotaka mti wenyewe ukatwe uchomwe makaa.

Sababu ya fadhaa hiyo twaijua sote. Tangu utotoni tumeambiwa kwamba bundi akilia juu ya paa msiba umekaribia, na kwamba yeye ni mjumbe wa walozi. Na mtu aliyefiwa, kwa majonzi aliyo nayo, humkumbuka ndege aliyelia usiku wa kuamkia msiba, akazisahau zile nyusiku zote ambazo ndege huyo huyo alilia na watu wakaamka salama. Wazee wetu wametufunza mengi, nami nawaheshimu. Lakini katika hili dhana imemdhulumu asiye na hatia. Tena dhuluma hii haina kikomo, maana anayezoea kumpiga mawe ndege kwa tuhuma ya ulozi, hachelewi kumpiga mawe bibi kizee jirani yake kwa tuhuma hiyo hiyo.

Basi na tumtazame kwa insafu. Uso wake ni mweupe, wenye umbo la kopa la karata. Sauti yake ni ukelele wa kukwaruza, nao ndio unaotisha watu. Lakini arukapo hasikiki kabisa, kwa kuwa manyoya ya mbawa zake yana ncha laini zinazouvunja upepo. Wakati huu jike anapoatamia, dume ndiye anayewinda, naye humpata panya gizani kwa kusikia tu mchakacho wa miguu yake majanini. Chini ya mwembe ule mtaona madonge meusi anayoyatapika bundi, ambayo wengi hudhani ni hirizi. Pasueni moja kwa kijiti, nanyi mtakuta manyoya, mifupa myembamba, na fuvu dogo lenye meno ya manjano. Ni mabaki ya panya wa shambani, yule ambaye jike lake huweza kuzaa watoto 10 na zaidi kwa mara moja, mla mahindi na karanga zetu. Mkulima wa mkoa wetu wa Haut-Lomami anayemuua bundi amejiulia mlinzi wa ghala yake.

Liko na jambo la sumu. Panya aliyekula sumu aghalabu hafi papo hapo, bali huzubaa nje, na bundi humkamata kwa wepesi akaimeza sumu pamoja naye. Mjini New York, bundi aitwaye Flaco, aliyetoka katika kizimba chake Februari 2023 na kupendwa na maelfu ya watu waliokuwa wakimtazama bustanini, alikufa Februari 2024. Mwili wake ulipochunguzwa, pamoja na majeraha na maradhi ya njiwa, zilikutwa ndani yake sumu za panya za namna 4. Na kama New York ilivyokuwa na bundi wa kujivunia, nchi yetu ya Kongo nayo inaye wake: katika milima ya Itombwe, Kivu ya Kusini, alipatikana mwaka 1951 bundi wa aina ya peke yake, kisha wataalamu hawakumshika tena hadi mwaka 1996.

Kwa hiyo nawasihi. Walimu wawapeleke wanafunzi wakayapasue madonge yale kwa mikono yao. Mapadri, wachungaji na maimamu walitaje jambo hili mbele ya waumini, maana neno lao husikilizwa kuliko langu. Wenye maduka na nyumba za jirani waache sumu, watumie mitego, hata makinda yatakapokwisha kuruka. Wakuu wa mitaa waiombe ofisi ya meya iupige marufuku ukataji wa mwembe ule. Na sisi wengine, siku ijayo ya salongo, yaani kazi ya pamoja ya usafi, tukutane pale na majembe na mafagio, tuisafishe bustani, lakini tundu la mti na matawi yake makavu tusiyaguse.