Uzee Si Ugonjwa

Kuna hukumu moja inayotolewa kila siku katika vyuo vyetu hapa Uganda, na haikatiwi rufaa: "Kompyuta hii imezeeka." Mwanafunzi anajaribu kuweka Linux kwenye kompyuta mpakato aliyoachiwa na kaka yake, kazi inakwama njiani, fundi anatikisa kichwa, basi imekwisha. Katika maabara tunayotumia sisi wa Kiswahili, kompyuta nane kati ya kumi na mbili zimefunikwa vitambaa kwa hukumu hiyohiyo, nasi tunapanga foleni kuchapa tasnifu kwenye nne zilizobaki. Mimi naipinga. Uzee si ugonjwa. Daktari anayemwambia bibi yako kwamba anaumwa uzee hajampima.

Tuyatazame magonjwa yenyewe. La kwanza ni dogo mno: kibetri cha saa. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ya duara, mara nyingi ya aina ya CR2032, inayotunza tarehe mashine inapozimwa. Ikiisha, kompyuta huamka ikidhani tuko miaka mingi nyuma. Inapoomba masasisho, huona vyeti vya usalama na orodha za programu ambazo kwa hesabu yake tarehe zake hazijafika, ikazikataa. Dawa ni kurekebisha tarehe na kununua kibetri kipya.

La pili ni kujaa. Kerneli mpya inapoletwa, ya zamani hubaki kama akiba. Kama sehemu ya diski iitwayo /boot ni finyu, akiba hizo huijaza na sasisho linalofuata hukosa pa kukaa. Amri ya df -h itakuonyesha, na kwenye Debian, Ubuntu na jamaa zao, sudo apt autoremove mara nyingi huondoa zisizohitajika. La tatu tunalijua sote: umeme. Ukikatika katikati ya sasisho, vifurushi hubaki vimefunguliwa lakini havijapangwa. Amri ya sudo dpkg --configure -a huendeleza kazi pale ilipoishia. La nne ni toleo lililopitwa na muda wake. Toleo la Ubuntu la muda mrefu huhudumiwa miaka mitano kwa kawaida, mengine miezi tisa tu, na hatimaye programu zake huhamishiwa kwenye ghala la matoleo ya zamani. Kompyuta inabisha hodi nyumba ambayo wenyewe wameshahama. Hapo kilichozeeka ni anwani.

La tano ndilo linalofanana zaidi na uzee, nalo pia lina jina: prosesa ya biti 32. Ubuntu ya kompyuta za mezani iliacha kuitolea kisakinishi mwaka 2017, Fedora ikafuata mwaka 2019, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi chake. Mwanafunzi anachukua toleo jipya kabisa, linagoma, naye analaumu mashine. Lakini Debian 12 bado inacho. Mashine haikufa, waliokuwa wakiihudumia ndio walioamua kuondoka.

Wapo watakaoniambia kwamba hayo ni mambo ya wahandisi, sisi tusome fasihi na isimu. Hoja hiyo ndiyo inayonikera zaidi. Mashine inapokwama huandika kilichoikwamisha. Yale maandishi ni matini. Yana mtunzi, yana hadhira, yana msamiati wake. Sisi tunaochambua shairi la beti ishirini tukitafuta maana iliyofichwa, tunashindwaje na sentensi moja isiyoficha kitu? Nakubali, imeandikwa kwa Kiingereza cha kifundi. Basi hapo ndipo kazi yetu inapoanza. Mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Waliofanya hivyo hawakungoja ruhusa ya wahandisi wa ng'ambo.

Wengine watasema kwamba kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 2 hutambaa kama kobe ukifungua kurasa nyingi za intaneti. Ni kweli. Pia zipo zilizokufa kweli, diski imeoza au kumbukumbu ina hitilafu. Lakini diski hupimika na kumbukumbu hupimika. Aliyepima na aseme "diski imeharibika", tujue cha kubadilisha. Na kobe huyo anatosha kabisa kuchapa tasnifu.

Jambo hili halina muda wa kungoja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inadai rasmi chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo mashine nyingi za zamani hazina. Hukumu za uzee zitamiminika. Na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Sisi ndio tutakaokwenda kufundisha, na shule nyingi tutakazopangiwa hazitapewa kompyuta mpya. Wahenga walishaonya: usitupe mbachao kwa msala upitao.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Kwa wahadhiri wetu waheshimiwa: kompyuta yoyote ya idara isiondolewe mezani mpaka sababu iandikwe kwa jina lake, na neno "imezeeka" lisikubaliwe kuwa sababu. Kwa wenzangu: kila mmoja wetu achukue ujumbe mmoja wa hitilafu, auelewe, auandike kwa Kiswahili pamoja na dawa yake, abandike karatasi hiyo ukutani maabara. Tukianza na zile nane zilizofunikwa vitambaa, tutakuwa tumeanza mahali pazuri.